Mpigo Usiogusa Shuka

Eladio alirudi Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo mtaa mzima wa Villa Ceniza uko nje. Hakuichagua yeye, ndege ndiyo iliyochagua. Alishuka nyuma ya pikipiki ya kukodi amelipakata sanduku lake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na mfuko mrefu wa magongo ya besiboli ukimning'inia mgongoni. Wazee wanne waliokuwa wakicheza dhumna mbele ya duka la Fefo walibaki na vipande mkononi. Mchezaji akirudi Disemba na mkufu wa dhahabu, anapigiwa honi tangu barabara kuu. Akirudi mwezi wa Juni, ligi za ng'ambo zikiwa katikati, hakuna haja ya kuuliza.

Mama yake, Nereida Polanco, alikuwa uani, mikono imezama povuni hadi viwiko. Alikuwa mfuaji. Kila wiki alifua sare ishirini na tano za timu ya Don Chago, pamoja na shuka za nyumba ya wageni iliyoko karibu na kiwanda cha sukari. Alisikia lango likilia, akageuka, akasubiri. Kwa watu wa kule, mtoto akiingia kwao husema kwanza, "Baraka, mama," na mama hujibu, "Mungu akubariki," ndipo mzigo uwekwe chini. Hata mlevi husema. Hata aliyetoka jela husema.

Eladio aliweka sanduku chini.

"Wameniacha, mama," alisema.

Nereida alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Kuachwa kwake lilikuwa jambo moja, na kwamba hakuomba baraka lilikuwa jambo la pili. Lililomchoma ni lile la pili, maana alilielewa: mwanawe alijiona hastahili.

"Umekula?" aliuliza.

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa." Akaingia jikoni kuponda ndizi.

Siku tatu zilizofuata hazikuwa na haraka ya kwisha. Doña Miledys, jirani wa mkono wa kushoto, alikuja kuazima vitunguu ambavyo hakuvihitaji, akauliza kama gari la Eladio linakuja kwa meli. Nereida akamwambia linakuja kwa punda, na punda mwenyewe bado yuko masomoni. Mtoto mmoja akamwomba Eladio viatu vya ziada. Dukani kwa Fefo, picha ya Eladio akiwa na miaka kumi na saba, siku aliyotia saini mkataba wa ng'ambo, iliyokuwa imening'inia juu ya mizani kwa miaka minne, sasa ilikuwa imefunikwa na kalenda ya kampuni ya bia. Fefo alipoona Nereida anaitazama kalenda, akawa na kazi ya ghafla ya kupanga makopo ya sardini.

Kibaya zaidi ni kwamba Eladio hakutoka nje. Alikaa kitandani akitazama mabati, mahali yalipotoboka na kuingiza jua kidogo, la ukubwa wa sarafu. Siku ya nne Nereida alivaa gauni la kanisani, akapaka poda shingoni, akaenda uwanjani kwa Don Chago.

Don Chago Tavárez ndiye aliyemlea Eladio kimchezo tangu miaka kumi na minne, akamuuza kwa wageni, akachukua fungu lake. Alikuwa mtu mnene mwenye suruali iliyopigwa pasi vizuri, na hakuwa mtu mbaya. Aliona vijana kama wenzake walivyoona miwa: uko uliokomaa, uko wa kuchomwa. Alimwacha Nereida asimame juani muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, ndipo akamwambia kuna mtafuta vipaji wa ligi ya Meksiko anakuja Jumamosi ya wiki ya tatu. Anataka wapigaji wanaoutoa mpira nje ya ukuta. Mshahara dola elfu mbili kwa mwezi.

"Tatizo ni ule mpigo wake," alisema Don Chago. "Wa kizamani. Mzuri kuutazama, sikatai, hata mimi ulinitoa machozi. Lakini wewe unajua, Doña Nereida. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku hizi mpira unapigwa kwenda mbinguni. Itabidi niuvunje niujenge upya."

Nereida alifikiria mabati. Akafikiria mwanawe amelala chali kama maiti aliyesahauliwa kuzikwa.

"Mbadilishe upendavyo," alisema. "Ila atoke kitandani."

Ni maneno yaliyomtoka kirahisi, na alirudi nyumbani akiwa na furaha.

Kuna kitu ambacho Don Chago hakukijua, na hakikumpitia akilini kwamba kingeweza kujulikana na mwanamke wa beseni. Kwa miaka kumi na tisa Nereida alikuwa amewasoma wapigaji katika nguo zao chafu. Uwanjani alikuwa hafiki sana, nani ana muda. Lakini sare hazidanganyi. Mpigaji anayepiga kwa mikono hurarua shati kwapani, na suruali yake hurudi safi kama ya karani. Mpigaji mwoga, anayekimbia mpira, huchafua kisigino. Na mpigaji mzuri, yule wa mkono wa kulia anayepiga kwa kiuno, shati lake hurudi zima, lakini soksi ya mguu wa kulia hutoboka chini ya kidole gumba, tundu la mviringo, kwa sababu hapo ndipo mwili wote unapogeukia, kama mlango kwenye bawaba. Katika miaka kumi na tisa Nereida alishona matundu ya namna hiyo kwa vijana watatu. Mmoja alikuwa mwanawe, na soksi zake ndizo pekee alizozishona huku akitabasamu.

Jumatatu ya wiki ya pili alipindua nguo za Eladio kwenye beseni. Soksi ya kulia ilikuwa nzima. Akaingiza mkono ndani, akapapasa chini ya kidole gumba: pamba mpya, haina hata uzi uliolegea. Akachukua shati. Kwapa la kushoto lilikuwa limefumuka, nyuzi zikining'inia.

Akakaa kwenye kigoda. Alilishona kwapa kwa uzi maradufu. Alhamisi lilirudi limefumuka tena, safari hii limechana na kitambaa chenyewe.

Eladio alikuwa ametoka kitandani, ndiyo. Alikuwa anakula. Jioni alikuwa anarudi na mgongo umekakamaa, anapiga hatua kama mtu aliyevaa nguo za mwingine. Nereida akamwuliza mazoezi yanaendaje, akajibiwa vizuri. Akamwuliza na mpigo je, akajibiwa Don Chago anaridhika. Baraka alikuwa bado haombi.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mtu wa Meksiko, mashine ya kufulia ya Nereida ilikatika mkanda, na shuka kumi na mbili za nyumba ya wageni zikiwa zinachuruzika maji. Akamwita Eladio amsaidie kukamua kwa mkono, kama zamani. Kila mmoja alishika pembe zake, wakarudi nyuma mpaka shuka ikanyooka katikati yao, halafu wakaanza kusokota, mama kushoto, mwana kulia.

"Unavuta kwa mabega," Nereida alisema.

"Nakamua, mama."

"Unavuta kwa mabega. Ulikuwa na miaka saba ukajua kwamba shuka inakamuliwa na miguu. Mikono inashika tu. Nani kakufundisha ujinga huu?"

Eladio aliicheka shuka, si mama. Mara ya kwanza tangu aje. Kisha kicheko kikaisha mdomoni na akasimama hivyohivyo, maji yakimdondokea miguuni.

"Wote," alisema. "Kule walinibadilisha mara tatu. Mwaka wa kwanza akaja mwalimu akasema inua kiwiko. Mwaka wa pili mwingine akasema shusha kiwiko, panua miguu. Wa tatu alikuwa na mashine, anaibandika kwenye gongo, inamwambia namba. Mama, walininunua kwa ajili ya mpigo wangu. Walikuja watu sita kuutazama, wakanyamaza. Halafu wakautengeneza mpaka nikawa sijui mkono wangu uko wapi. Halafu wakaniita ofisini, dakika nne, na mkalimani, wakasema sina tena kile walichokinunua."

Nereida hakuachia pembe zake.

"Na ulikuwaje, wakati ni wako? Niambie. Mimi nimeona soksi tu."

Eladio alifikiri. Si kijana wa maneno.

"Ni kusubiri," alisema. "Mpira unakuja, na kila kitu mwilini kinataka kuukimbilia. Mikono inataka, macho yanataka. Wewe unavizuia vyote. Mguu wa mbele unashuka taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Kiuno kinaanza. Mikono bado iko nyuma, haijui kitu. Halafu inakuja yenyewe, hapa karibu na mbavu, na ukigusa mpira husikii uzito wowote. Kama umepiga maji. Don Chago anataka niufuate mpira, niupige kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu. Na unaenda, mama, ukienda unaenda mbali. Lakini napiga kumi nakosa saba."

Karibu na mbavu. Nereida aligeuza macho kwenye kichochoro kilicho kando ya nyumba, kati ya ukuta wao na ukuta wa Miledys. Mita mbili, si zaidi. Hapo ndipo alipoanika shuka za wageni maisha yake yote, kamba mbili, moja kila upande, na katikati yake ndipo watoto walipocheza, kwa sababu barabarani kulikuwa na malori ya miwa. Fimbo ya ufagio ndiyo gongo, vizibo vya madumu ya maji ndiyo mpira. Kizibo hupepea, hushuka, hukwepa kama nzi. Na sheria ya Nereida ilikuwa moja: atakayegusa shuka ataifua upya yeye mwenyewe, na kuitia buluu ya kuing'arisha. Watoto wengine walikasirika wakaenda kucheza kwingine. Eladio alifua shuka kumi na moja, akiwa na miaka minane, kisha hakufua tena.

"Mimi ndiye niliyemwambia Chago akuvunje," Nereida alisema. "Nilivaa na gauni nikaenda kumwomba. Nilikosea, mwanangu, na kosa langu usilipe wewe."

"Dola elfu mbili, mama. Paa linavuja."

"Paa nimeishi nalo miaka ishirini, tunafahamiana. Ukikosa kesho, sawa, watu wanakosa. Lakini kukosa kwa mkono wa mtu mwingine, hapana. Wageni wamekukopa miaka minne wamekurudisha umepinda, hilo siwezi kulifanya kitu. Hapa nyumbani kwangu hapindi mtu tena." Akatikisa shuka. "Haya, kamua. Kwa miguu."

Akakamua. Maji yalitoka shwaa, na shuka ikabaki kavu kama kamba.

Jumamosi uwanja ulijaa kuliko sikukuu ya mtakatifu wa mtaa. Fefo alifunga duka, wazee wa dhumna wakaja na viti vyao, Doña Miledys akaja na mwavuli. Nereida alileta kapu la sare, akasimama nyuma ya wavu, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

Mtu wa Meksiko alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, daftari dogo na kalamu ya risasi sikioni. Aliwaona vijana wengine wawili, akaandika kidogo. Kisha Don Chago akamwita Eladio. Mipira kumi na tano, alisema, na akamnong'oneza kitu kwa muda mrefu huku amemshika kiwiko, akikiinua.

Eladio alipiga kama alivyofundishwa. Mpira wa kwanza ulikwenda juu sana ukaanguka mkononi mwa mtu. Wa pili akakosa. Wa tatu akaukamata, na watu wakanyanyuka vitini: ulipita juu ya ukuta, juu ya mti wa mkungu, ukaanguka kwenye reli ya treni za miwa. Don Chago akapiga makofi. Mzee wa Meksiko akaitoa kalamu sikioni, akaandika. Wa nne akakosa. Wa tano akakosa, na kwenye kimya kile Nereida aliusikia uzi wake maradufu ukikatika kwapani, mshono mmoja baada ya mwingine.

Eladio akatoka kwenye eneo la kupigia. Alitazama tundu la kwapani, akaingiza kidole. Kisha akaenda mpaka kwenye wavu, gongo mkononi, mbele ya mtaa mzima, mbele ya mgeni na daftari lake, akavua kofia ngumu.

"Baraka, mama," alisema.

Nereida alijibu bila kungoja.

"Mungu akubariki, mwanangu. Nenda kafue shuka yako mwenyewe."

Hakuna aliyeelewa maneno hayo ila wao wawili.

Aliporudi alisimama tofauti. Mtu asiyejua mchezo huo asingeweza kusema tofauti yenyewe iko wapi, ila alikuwa ameacha kufanya jambo fulani, kama friji inapozima na ndipo unapogundua ilikuwa inanguruma. Mrushaji akarusha. Eladio akasubiri, akasubiri mpaka Doña Miledys akafikiri amelala. Mguu ukashuka. Kiuno kikageuka, na mikono ikapita ndani, ikiambaa mbavu, na gongo likaja nyuma yake bila haraka, likamaliza duara lake begani kama mtu anayejitupia khanga. Mlio ulikuwa mdogo, mkavu. Mpira ulipita juu kidogo ya kichwa cha mrushaji, umenyooka kama kamba ya kuanikia, ukatua kwenye nyasi mbali na kila mtu.

Wa saba ukaenda palepale. Wa nane hatua tano kushoto, na wa tisa hatua tano kulia. Tiburcio, mzee kuliko wenzake wote wa dhumna, ambaye kwa kawaida haachi kusema, alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Don Chago alikuwa anapiga kelele, "Kiwiko, kiwiko," mara mbili, mara tatu, halafu hata yeye akanyamaza. Alikuwa ameupenda mpigo ule kabla ya kuuuza, na mwili hukumbuka.

Baada ya wa kumi na nne, mzee wa Meksiko alinyanyua mkono.

"Miaka thelathini nazunguka viwanja," alisema, kwa upole. "Kama huo nimeuona mara mbili. Lakini wanaonituma hawanunui huo, kijana. Umebaki mpira mmoja. Nitolee mmoja tu nje ya ukuta, kama ule wa tatu, niandike jina lako twende tukanywe kahawa."

Uwanja mzima ulisikia. Wazee walisogeza viti. Nereida alishika wavu; lililokuwa la kusema alishalisema juu ya shuka.

Mpira ukaja. Eladio alisubiri. Akaupiga palepale ulipotua ule wa sita, wa kwanza wa mpigo wake mwenyewe, na ukafuata njia ileile, kwenye nyasi ambazo sasa zilikuwa zimelala.

Mzee alitikisa kichwa, na ilionekana kwamba hakuwa na hasira. Akarudisha kalamu sikioni. Akafunga daftari.

Don Chago alikuja akiwa mwekundu hadi masikioni.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu za jua langu. Vua shati langu. Hapahapa. Hiyo ni sare ya timu, na wewe timu huna."

Watu wakatazama chini. Eladio alifungua vifungo kimoja kimoja, akavua, akabaki kifua wazi mbele ya kila aliyewahi kumwomba viatu. Akamnyooshea. Lakini Nereida alikuwa amekwisha kuzunguka wavu, na mkono uliolipokea shati ulikuwa wake. Akaligeuza, akatazama kwapa.

"Hili limepasuka akiwa anakupigia wewe," alimwambia Don Chago, akimwonyesha. "Mpira wa tano. Baada ya hapo hakuna uzi mwingine uliokatika. Njoo uhesabu, kama unataka." Akalikunja shati vizuri, mikono ndani, kama linavyokunjwa lililopigwa pasi, akaliweka juu ya kapu, na kapu akaliweka miguuni pa Don Chago. "Zote zimo, safi. Kuanzia Jumatatu tafuta mfuaji mwingine. Mimi nguo za mtu anayewavua watu hadharani sifui."

"Doña Nereida, peso elfu moja mia nane kila wiki hiyo. Utaishi na nini?"

"Na shuka," alisema. "Na mwanangu."

Wakaondoka, mwana kifua wazi na gongo begani, mama na gauni lake la kanisani, katikati ya barabara ya malori, hawakupita pembeni.

Ukweli usemwe: Jumatatu Eladio alianza kubeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mifuko ya Nereida ilikuwa mitupu mwezi ule na uliofuata. Paa halikuzibwa. Kwa wapenda hadithi zenye mkufu wa dhahabu mwishoni, hii haina.

Lakini Jumapili ile, baada ya misa, Nereida alianika shuka kumi na mbili kwenye kichochoro, sita huku, sita kule, nyeupe zenye buluu kidogo. Alikuwa anabana kibanio cha mwisho aliposikia viti vikiburutwa. Tiburcio alikuwa wa mbele, na kofia yake imejaa vizibo. Nyuma yake wazee watatu, Doña Miledys bila kisingizio cha vitunguu, na Fefo, amebeba chini ya kwapa kitu kilichofungwa kwa gazeti, chenye umbo la fremu ya picha. Hakukifungua. Alikiegemeza ukutani, akasema kwamba kalenda ile ya bia ilikuwa imepitwa na mwaka, hata hivyo.

"Kijana yupo?" Tiburcio aliuliza. "Mimi jana macho yangu yalikuwa na jua. Sikuona vizuri."

"Ulilia, mzee," alisema Fefo.

"Ndiyo nasema, jua."

Eladio alitoka jikoni anatafuna, akauchukua ufagio, akaichomoa fimbo. Akaingia kati ya shuka, na zilikuwa karibu naye kiasi kwamba angezigusa kwa viwiko. Tiburcio akarusha kizibo kwa mkono wake wa kizee, kikapepea, kikashuka, kikakwepa. Kijana alikuwa amesimama tu. Mguu ukashuka.

Kizibo kilipita juu ya vichwa vyao kikilia kama nyuki. Nereida hakukitazama. Alikuwa anatazama shuka, kama alivyofanya siku zote, kuona nani atafua. Upepo wa fimbo ulizipitia zote, huku sita na kule sita, zikavimba mara moja kama kifua kinachovuta pumzi, zikashuka, zikatulia mahali pake.

"Tena," alisema.